Hotuba au Hesabu? Historia na Dhima ya Hotuba ya Kila Mwaka ya Rais mbele ya Bunge

Ikisiri

Makala haya yanachunguza hotuba ambayo Rais huitoa mbele ya wabunge mara moja kwa mwaka, kwa kuitazama kama utanzu wenye historia, kanuni na dhima yake. Mifano mikuu imetoka Kenya, pamoja na ulinganisho na Uganda, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja ya msingi ni kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliigeuza hotuba hiyo kuwa ripoti ya uwajibikaji, ilhali utendaji wake umebaki katika mapokeo ya sherehe. Makala yanaonyesha jinsi pengo hilo linavyojitokeza katika njeo za vitenzi, katika nafsi ya msemaji, katika mahali pa kuhutubia na katika lugha inayotumiwa. Mwishoni yanatolewa mapendekezo manne kwa washauri wa sera na watumishi wa mabunge.

Utangulizi

Neno hotuba limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na ndugu yake wa karibu ni hutuba ya Ijumaa. Wakati wa hutuba msemaji hupanda mimbari, waumini hunyamaza, na hakuna anayeinua mkono kuuliza swali. Ukimya huo ni sehemu ya adabu ya ibada na una maana yake mahali pale. Neno hesabu nalo lina asili hiyo hiyo ya Kiarabu, lakini linaishi sokoni, katika daftari la chama cha ushirika na katika kikao cha familia baada ya mazishi. Anayetoa hesabu hutazamiwa kuulizwa. Akikasirika kwa kuwa ameulizwa, watu huanza kushuku daftari lake.

Swali la makala haya linatoka katika tofauti ya maneno hayo mawili. Rais anaposimama mbele ya Bunge mara moja kwa mwaka, anahutubia au anatoa hesabu? Nchini Kenya sheria yenyewe imekwisha kulijibu swali hilo. Ibara ya 132 ya Katiba inamtaka Rais ahutubie kikao maalumu cha Bunge mara moja kila mwaka. Inamtaka pia, mara moja kila mwaka, aripoti katika hotuba kwa taifa juu ya hatua zote zilizochukuliwa na maendeleo yaliyofikiwa katika kutimiza maadili ya kitaifa yaliyotajwa katika Ibara ya 10, achapishe maelezo ya hatua hizo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na awasilishe kwa Bunge la Kitaifa, ili ijadiliwe, ripoti ya utekelezaji wa wajibu wa kimataifa wa Jamhuri. Vitenzi vya Ibara hiyo vinastahili kuzingatiwa: kuripoti, kuchapisha, kuwasilisha, kujadiliwa. Hata hivyo, kinachobaki katika kumbukumbu ya umma kila mwaka ni gwaride la heshima nje ya Bunge, makofi ndani yake, na tangazo moja au mawili yanayopata vichwa vya habari. Ili kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, ni lazima kurudi nyuma.

Chimbuko: kiti cha enzi, barua na hofu ya ufasaha

Desturi ya mkuu wa nchi kuhutubia watunga sheria ina mzazi wa kifalme. Nchini Uingereza mfalme au malkia hulifungua Bunge kwa kusoma hotuba iliyoandikwa na serikali, akitumia maneno serikali yangu hata pale ambapo sera anazozisoma hakuzitunga yeye. Baadaye wabunge hujadili hoja ya kumshukuru. Shukrani hiyo si adabu tupu, kwa kuwa chini ya kivuli chake upinzani hupata nafasi ya kuichambua sera yote ya serikali, na hoja yenyewe inaweza kufanyiwa marekebisho.

Waandishi wa Katiba ya Marekani waliichukua desturi hiyo na kuibadili. Ibara ya pili ya Katiba yao inamtaka Rais, mara kwa mara, alipe Bunge la Kongresi taarifa juu ya hali ya muungano na apendekeze hatua anazoona zinafaa. Haisemi mara moja kwa mwaka, wala haisemi hotuba. George Washington ndiye aliyeanzisha mazoea ya kwenda mwenyewe, tarehe 8 Januari 1790 mjini New York, kwa hotuba fupi isiyozidi sana maneno elfu moja. Mabaraza yote mawili ya Kongresi yaliandika majibu rasmi na kumpelekea. Utaratibu wa mwanzo ulikuwa wa kusema na kujibiwa.

Mwaka 1801 Thomas Jefferson aliacha kwenda na badala yake akatuma ujumbe wa maandishi. Alieleza kwamba njia hiyo ingeokoa muda wa wabunge na kuwaondolea aibu ya kulazimika kujibu papo hapo mambo ambayo hawajayapima. Nyuma ya maelezo hayo kulikuwa pia na chuki dhidi ya kila kilichonukia ufalme. Kwa zaidi ya miaka 100 taarifa ya Rais wa Marekani ilikuwa maandishi yanayosomwa na karani. Hata msimamo wa James Monroe wa mwaka 1823 dhidi ya ukoloni mpya wa Ulaya katika Amerika ulitolewa ndani ya ujumbe wa aina hiyo. Woodrow Wilson alirudisha sauti ya Rais ukumbini mwaka 1913.

Ufaransa inatoa funzo la pili, ambalo halitajwi mara nyingi katika mijadala ya Afrika Mashariki. Mwaka 1873 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kumzuia Adolphe Thiers, aliyekuwa mkuu wa dola, kuwahutubia wabunge atakavyo. Thiers alikuwa msemaji hodari, na wapinzani wake waliogopa kwamba ufasaha wake ungezigeuza kura. Wakamlazimisha kuwasiliana na Bunge kwa ujumbe, na pale alipopewa ruhusa ya kusema, mjadala haukuruhusiwa kuendelea mbele yake. Katika mapokeo hayo ya Ufaransa, ujumbe usiojadiliwa ulianza kama kinga ya Bunge dhidi ya ulimi wa mtawala.

Historia hizi mbili zina jambo linalofanana. Watu wa karne ya 18 na ya 19 walijua kwamba uwepo wa mtawala ukumbini ni nguvu, na kwamba nguvu hiyo huhitaji kuwekewa mipaka. Wengine waliiwekea mpaka kwa kudai majibu, wengine kwa kudai maandishi.

Hadhira ya pili

Karne ya 20 ililegeza mipaka hiyo kwa njia ambayo haikuandikwa katika katiba yoyote. Hotuba ya Calvin Coolidge ya mwaka 1923 ilirushwa redioni. Ile ya Harry Truman ya mwaka 1947 ilionyeshwa kwenye televisheni. Mwaka 1965 Lyndon Johnson aliihamishia usiku, saa ambayo familia nyingi zimekaa nyumbani. Mwaka uliofuata chama cha upinzani kilianza kutoa jibu lake kwa njia hiyo hiyo ya televisheni. Mwaka 1982 Ronald Reagan alimwalika ukumbini mtumishi wa serikali aliyemwokoa abiria wa ndege iliyoanguka katika Mto Potomac, na tangu hapo mgeni mashujaa katika roshani amekuwa sehemu ya utanzu.

Athari yake ni kwamba wabunge waliacha kuwa wasikilizaji na wakawa sehemu ya jukwaa. Makofi yao, kusimama kwao na nyuso zao zilizokunjamana vikawa mambo ya kutazamwa na hadhira ya pili, yaani wananchi walio mbali. Jibu nalo lilihama. Hapo awali lilitoka ndani ya Kongresi kwenda kwa Rais. Sasa linatoka studio kwenda kwa watazamaji. Jimmy Carter aliporudia maandishi mwaka 1981, alipeleka waraka wa maneno zaidi ya 33,000, mrefu kuliko yote. Una maelezo mengi ya kazi ya serikali kuliko hotuba yoyote, na huenda ndio unaokumbukwa na wachache zaidi.

Ni sura hii ya tatu ya historia, sura ya kamera, ambayo Afrika Mashariki iliikuta imekomaa ilipoanza kuandika upya katiba zake.

Katiba nne za ujirani

Nchi jirani hazikuufuata mkondo mmoja. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 101, inamtaka Rais atoe mbele ya Bunge hotuba juu ya hali ya taifa mwanzoni mwa kila mkutano wa mwaka wa Bunge. Maneno yake ni machache, wala hayasemi hotuba iripoti nini.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 91, haina hotuba ya kila mwaka. Inamtaka Rais alihutubie Bunge jipya na kulifungua rasmi, na inamruhusu kulihutubia wakati wowote au kupeleka taarifa itakayosomwa na Waziri. Kwa hiyo hotuba kuu ya Rais Bungeni Dodoma hutokea mara moja kwa miaka mitano, baada ya uchaguzi, na kwa kawaida hufuata sura ya ilani ya chama kilichoshinda. Hutazama mbele zaidi kuliko nyuma. Ruhusa ya kutuma taarifa isomwe na Waziri inakumbusha njia ya Jefferson, ingawa haijawa mazoea makuu.

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, katika Ibara ya 77, inamtaka Rais atoe mara moja kwa mwaka hotuba juu ya hali ya taifa mbele ya Bunge la Taifa na Seneti zikiwa zimekutana pamoja. Ibara hiyo hiyo inaeleza kwamba ujumbe wa Rais kwa mabaraza hauzui mjadala. Sheria ya asili hapa ni ya Kifaransa, lakini mazingira yamegeuka. Kilichobuniwa mwaka 1873 ili kulilinda Bunge dhidi ya Rais, mjini Kinshasa kinafanya kazi ya kumlinda Rais dhidi ya Bunge, kwa kuwa sasa yumo ukumbini, anasema kwa kirefu, na hakuna anayeruhusiwa kumjibu. Kanuni imesafiri bila ya sababu iliyoizaa.

Ikilinganishwa na hizo tatu, Ibara ya 132 ya Kenya ndiyo inayodai mengi zaidi. Inataja jambo la kupimwa, yaani maadili ya Ibara ya 10, miongoni mwayo utawala wa sheria, usawa, haki ya kijamii, uwazi na uwajibikaji. Inataja pia mahali pa kuchapisha ushahidi. Ibara ya 240 inaongeza kwamba Baraza la Usalama wa Taifa liripoti kwa Bunge kila mwaka juu ya hali ya usalama. Kwa mazoea, ripoti hizi huwasilishwa siku ya hotuba. Hapo ndipo tatizo linapoanzia: siku moja imebebeshwa waraka unaohitaji wiki kadhaa kusomwa na tamasha linalohitaji saa mbili tu.

Kenya: tangazo linapochukua nafasi ya ripoti

Hotuba ya Rais Uhuru Kenyatta ya tarehe 26 Machi 2015 ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi uwezo na udhaifu wa utanzu huu. Katika hotuba hiyo Rais aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma zilizotendwa na tawala zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa, na akawataka maofisa waliotajwa katika ripoti ya tume ya maadili na kupambana na ufisadi wakae kando kupisha uchunguzi. Kama tendo-uneni, radhi ile ilikuwa nzito. Kuomba radhi ni kitendo kinachokamilika kwa kutamkwa, na ni mkuu wa dola peke yake aliyeweza kukitamka kwa niaba ya dola. Bunge lilikuwa mahali panapofaa.

Mfuko ulikuwa tendo la aina nyingine. Ahadi haikamiliki kwa kutamkwa. Ndiyo kwanza inaanza. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lina mdai, kiasi na siku ya kulipa. Tangazo lile lilikuwa na mdai na kiasi, lakini halikuwa na siku. Miaka kadhaa baadaye kanuni za kuusimamia mfuko zilikuwa bado hazijakamilishwa, na waathiriwa walikuwa bado wanasubiri. Isitoshe, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa kwa Rais mwezi Mei 2013, ilikuwa bado haijapitishwa na Bunge siku radhi ilipoombwa. Hotuba ilipiga hatua mbele ya ripoti na kwa kufanya hivyo ikapunguza msukumo wa kuijadili. Wale waliopaswa kupata haki kwa utaratibu wa Bunge walipata sentensi.

Mwaka uliofuata, tarehe 31 Machi 2016, wabunge wa upinzani walipuliza filimbi ukumbini na kuizuia hotuba kwa muda, na baadhi yao wakatolewa nje. Mwaka mmoja kabla, tarehe 12 Februari 2015 mjini Cape Town, wabunge wa chama cha EFF walimkatiza Rais Jacob Zuma wakitaka kujua atarudisha lini fedha za umma zilizotumika katika makazi yake ya Nkandla, nao wakaondolewa kwa nguvu. Wachambuzi wengi waliyasoma matukio haya kama utovu wa nidhamu. Usomaji huo si wa uongo, lakini haujakamilika. Katika utaratibu wa siku ile hakuna dakika hata moja iliyotengwa kwa swali. Filimbi ni swali lililokosa nafasi. Hata hivyo, filimbi haina maudhui: haisemi ni ahadi ipi haikutimizwa wala ni ukurasa upi wa ripoti una kasoro. Wapuliza filimbi waliivunja sherehe bila ya kuirudisha hesabu.

Mfano wa tatu ni hotuba ya Rais William Ruto ya tarehe 21 Novemba 2024, alipotangaza kufutwa kwa mchakato wa kuipa kampuni ya Adani upanuzi wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta pamoja na mkataba wa njia za umeme. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Siku iliyotangulia waendesha mashtaka wa Marekani walikuwa wametangaza mashtaka dhidi ya mwenye kampuni hiyo, na mapema siku ile ile ya hotuba Waziri wa Nishati alikuwa mbele ya kamati ya Bunge akieleza kwamba upande wa Kenya haukuwa na hongo katika mkataba wa umeme. Matukio haya mawili ya siku moja yanapasa kusomwa pamoja. Katika chumba cha kamati, Waziri aliulizwa na akajibu. Katika ukumbi mkuu, Rais alitangaza na akashangiliwa. Uamuzi ulitoka mahali ambapo maswali hayaruhusiwi, nao ukaifanya kazi ya kamati ionekane ya bure. Makofi yaliustahili uamuzi, pengine. Ila mhimili uliopewa na Katiba mamlaka ya kuisimamia serikali ulikuwa ukishangilia jambo ambalo ulipaswa kuwa umelifikia kwa uchunguzi wake wenyewe.

Njeo, nafsi na fedha zilizotengwa

Hotuba za aina hii zinaposemwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili, sarufi yenyewe humpa mhakiki kipimo. Sentensi kama tumejenga barabara inatumia hali timilifu. Kiambishi -me- kinaeleza tendo ambalo matokeo yake yapo sasa, bila ya kumlazimisha msemaji kutaja siku. Barabara inaweza kuwa imejengwa mwaka huu, au muhula uliopita, au na serikali iliyotangulia. Kiambishi -li- huita swali la lini. Ripoti ya mwaka mmoja iliyojaa -me- bila ya tarehe ni ripoti isiyo na mwaka. Nayo hotuba iliyojaa -ta- imeacha kuripoti na imerudi katika kampeni.

Kauli ya kutendwa nayo inahitaji kuangaliwa. Fedha zimetengwa ni sentensi inayopendwa katika majukwaa yote ya kanda hii. Katika utaratibu wa fedha za umma, kutenga, kutoa na kutumia ni hatua tatu tofauti. Fedha zilizotengwa katika bajeti huenda zisitolewe na hazina. Zilizotolewa huenda zisitumike, au zitumike kwa jambo jingine. Msikilizaji wa kawaida husikia kutenga na kuelewa kutumia. Mshauri wa sera anayeandika rasimu ya hotuba anaijua tofauti hiyo, na uchaguzi wake wa kitenzi ni uamuzi wa kimaadili.

Nafsi ya msemaji inabeba historia. Usemi serikali yangu ni urithi wa kiti cha enzi, ambako mtawala husoma sera asizozitunga. Ukitamkwa na Rais mtendaji, unageuka kuwa dai la umiliki. Nchini Tanzania usemi wa serikali ya awamu fulani umeleta njia ya kati. Unaweza kutumiwa kuonyesha mwendelezo, kwamba awamu moja imerithi kazi na madeni ya nyingine. Unaweza pia kuwa ukuta, pale ambapo mafanikio yanahesabiwa kuwa ya awamu ya sasa na mapungufu yakaachiwa awamu iliyopita. Msomaji makini atauliza ni ahadi zipi za hotuba iliyotangulia zimetajwa katika hotuba mpya, kwa jina na kwa kiasi. Zisipotajwa, awamu imetumika kama ukuta.

Mahali na lugha

Nchini Uganda hotuba ya hali ya taifa imefanyika katika miaka ya karibuni kwenye viwanja vya Kololo badala ya ukumbi wa Bunge. Kwa sheria Bunge linaweza kukaa popote, na uwanja hukaribisha watu wengi zaidi. Lakini mahali hutengeneza hadhira. Kololo ni uwanja wa sherehe za uhuru na wa kuapishwa kwa marais. Mbunge aliyeketi chini ya hema, mbali na jukwaa, kati ya wageni waalikwa, anafanana na mwananchi aliyeitwa kwenye baraza la chifu enzi za ukoloni: ameitwa kuambiwa. Kiswahili kinalo pia baraza la aina nyingine, lile la mbele ya nyumba za pwani, ambako wanaoketi hujibizana na mwenye nyumba hana sauti kubwa kuliko jirani. Ukumbi wa Bunge, kwa viti vyake vinavyotazamana, uko karibu zaidi na baraza hilo la pili. Kuutoka ni kupoteza zaidi ya paa.

Suala la lugha lina uzito unaofanana na huo. Katiba ya Kenya inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Ibara ya 120 inaitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Hata hivyo hotuba ya kila mwaka husomwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, na Kiswahili huingia pale Rais anapoiacha karatasi ili kutania au kuonya. Mgawanyo huo unafundisha kwamba takwimu ni za Kiingereza na hisia ni za Kiswahili. Mwananchi anapata kicheko katika lugha anayoimudu na hesabu katika lugha inayomtoroka. Tanzania imeonyesha kwa miongo mingi kwamba bajeti, mikopo na mikataba huelezeka kwa Kiswahili mbele ya Bunge. Kwa hiyo kikwazo si uwezo wa lugha.

Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo manne yanajitokeza. Kwanza, ripoti za Ibara ya 132 ziwafikie wabunge kabla ya siku ya hotuba, kwa muda unaotosha kusomwa na kamati husika. Mwenye kupewa daftari mlangoni hawezi kukagua.

Pili, hotuba ianze na orodha ya ahadi za mwaka uliotangulia, kila moja ikiwa na hali yake: imetimizwa, imechelewa na kwa sababu gani, au imeachwa. Kazi hii haihitaji kurekebisha Katiba. Inahitaji uamuzi wa ofisi inayoandika rasimu.

Tatu, Rais arudi kujibu. Afrika Kusini, pamoja na vurugu za mwaka 2015, ina utaratibu ambapo wabunge huijadili hotuba na baadaye Rais husimama tena mbele yao kuwajibu. Nchini Kenya Kanuni za Kudumu zinaruhusu mjadala wa hoja ya shukrani, lakini mwenye kushukuriwa hayupo. Iwapo Rais angerudi, anayetaka kuuliza asingehitaji filimbi.

Nne, ripoti ichapishwe kwa Kiswahili siku ile ile inapochapishwa kwa Kiingereza, kwa ukamilifu wake na si kwa muhtasari. Vyama na idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya kanda vina wataalamu wa tafsiri na istilahi wanaoweza kuifanya kazi hiyo.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba taifa linahitaji sherehe, na kwamba Rais anayeingia Bungeni, nyumba ya mhimili mwingine, anautambua mhimili huo kwa kitendo chenyewe cha kuingia. Jambo hilo ni kweli, na heshima hiyo haipaswi kudharauliwa katika kanda ambayo imewahi kuona mabunge yakivunjwa kwa amri ya jeshi. Lakini heshima ya mgeni hupimwa kwa yale anayokubali kuulizwa na wenyeji. Washington alijibiwa. Jefferson aliandika ili wabunge wapate muda wa kupima. Wafaransa walimnyamazisha msemaji hodari ili kura zibaki huru. Wakenya, mwaka 2010, waliandika kwamba Rais aripoti, na wakataja mahali pa kuchapisha. Kazi iliyobaki ni ya utendaji, na inaweza kuanza katika hotuba ijayo, katika aya ya kwanza, kwa kutaja deni la mwaka jana na kiasi kilicholipwa.